Insulini ya maji na insulini ya maziwa: ipi inafanya kazi saa ngapi

Mama mkubwa wangu anakaa Nansio kule kisiwani Ukerewe na huu ni mwaka wa sita anachoma insulini, ile sindano ya kushusha sukari kwa wagonjwa wa kisukari. Siku moja kichupa chake cha usiku kikaisha, meli ya kuja mjini mpaka kesho yake, basi akatumwa mtoto kwa jirani maana kijana wao naye anachoma. Mtoto akarudi na kichupa. Mama mkubwa akavuta yuniti zake 18 kama siku zote, yuniti ndo kipimo cha dozi ya insulini, akachoma tumboni, akalala saa 3 usiku. Alikuwa ameshakula tangu saa 12 jioni, ugali wa udaga na furu wa kuchemsha, tena kidogo tu.

Saa 6 usiku mjukuu anayelala naye akashtuka, bibi amelowa kama kamwagiwa ndoo ya maji, anatetemeka, anamwita marehemu mume wake kwa jina. Nyumba nzima ikaamka. Mmoja akasema hayo ni majini, mwingine ameshavaa kandambili anaenda kuita watu wa maombi. Bahati binamu yangu aliwahi kuuza kwenye duka la dawa, akajua ni sukari imeshuka, akakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji akamnywesha taratibu kwa sababu bado alikuwa anameza vizuri, baada ya robo saa akarudia, halafu wakampa kiazi kitamu kilichobaki jioni. Kidogo tu bibi anauliza, mbona mmejaa chumbani kwangu?

Asubuhi wakaviweka vile vichupa viwili juu ya meza. Cha jirani ni maji matupu, unaona mpaka upande wa pili. Cha mama mkubwa ukikitikisa kidogo kinakuwa kama maziwa yaliyoongezwa maji. Vyote vimeandikwa insulini.

Tangu siku hiyo ndugu wananiuliza swali moja, na nimegundua hata kwenye benchi la kliniki ya sukari watu wanaulizana hilohilo: hivi kati ya hizi insulini ipi kali? Mimi mwenyewe nachoma tangu nikiwa form two, na miaka mingi nilikuwa naamini kwamba kuna kali na kuna laini, kama tunavyosema panadol na zile dawa za maumivu za hospitali. Kumbe nilikuwa nimelishika jambo kwa mkia. Yuniti 18 za kile kichupa cha jirani na yuniti 18 za mama mkubwa zina uwezo uleule wa kushusha sukari. Tofauti yake ni saa. Moja inamaliza kazi yote ndani ya masaa machache, nyingine inaigawa kazi hiyohiyo usiku kucha. Ukishalielewa hilo, haya majina yote magumu ya kwenye maboksi yanaanza kukaa sawa.

Tuanze na insulini yenyewe ni nini. Nenda mwaloni Kirumba, soko la samaki la ufukweni Mwanza, asubuhi boti za kutoka visiwani zinapoingia na magunia ya dagaa. Magunia ndo sukari iliyotokana na chakula. Ufukwe ndo damu yako. Huko juu kwenye maghala na madukani wanakosubiri mzigo ndo misuli, mafuta na sehemu nyingine za mwili zinazohitaji kula. Sasa gunia halijibebi, linataka kibarua aliweke begani alipeleke, na huyo kibarua ndo insulini. Vibarua wasipotokea magunia yanarundikana ufukweni, ukipima unaambiwa sukari iko juu, na wakati huohuo huko madukani watu wanalia njaa. Ndo maana mgonjwa ambaye hajaanza matibabu anaweza kula sana na bado anakonda mpaka majirani wanamsema vibaya.

Anayeajiri hao vibarua ni kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Kwenye kisukari aina ya kwanza, ambacho mara nyingi kinaanza utotoni au ujanani kama mimi, kinga ya mwili yenyewe imeiharibu ile sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, kwa hiyo vibarua hamna, lazima waje kwa sindano. Kwenye aina ya pili, ambayo ndo ya wengi, vibarua wapo ila milango ya maghala imekuwa mizito kufunguka, na miaka inavyokwenda hata idadi yao inapungua. Wengi wa aina hii wanaanza na vidonge, wengine huko mbele wanafika kwenye sindano.

Kitu ambacho nilichelewa sana kukijua ni kwamba boti haziingii wakati wa chakula tu. Ini lina akiba yake ya sukari na linaiachia kidogokidogo mchana na usiku, hata ukiwa umelala hujala kitu, ili ubongo usikose. Kwa hiyo mwaloni panahitajika vibarua wachache muda wote kwa ajili ya zile boti ndogondogo za ini, na kundi kubwa la ghafla pale boti kubwa inapotia nanga, yaani pale unapokula. Kongosho nzima inafanya hivyo bila kuambiwa. Sisi wengine tunapanga zamu kwa mkono, na aina za insulini zimetengenezwa kwa ajili ya zamu tofauti.

Kile kichupa cha jirani kilikuwa insulini ya muda mfupi, wengi hospitali wanaiita soluble, na jina la kwenye boksi ambalo wengi mmeshaliona ni Actrapid. Hii ni kundi la wakati wa chakula. Inaanza baada ya kama nusu saa, inakolea kati ya saa la pili na la nne, na inaisha baada ya masaa 6 hadi 8. Hiyo nusu saa ina sababu yake. Ndani ya kichupa chembe za insulini zinakaa zimeshikana sitasita, na zikiwa hivyo haziwezi kupenya kuingia kwenye damu, mpaka ziachiane kwanza huko chini ya ngozi, sawa na vibarua sita walioshikana mabega wanataka kupita mlango mmoja mwembamba. Kwa hiyo unaambiwa choma nusu saa kabla ya kula. Hapo ndo penye mtego kwa sisi tunaopikia mkaa, unachoma, halafu unasikia mtu jikoni anauliza nani ameuweka wapi mkaa. Mi siku hizi sichomi mpaka nione sufuria ya ugali imeshaanza kuchemka.

Wataalamu nao waliliona hilo tatizo la kusubiri, wakabadilisha vitofali vichache kwenye umbo la insulini ili zile chembe ziachiane haraka. Ya kwanza kuingia sokoni ilikuwa lispro mwaka 1996, baadaye zikaja aspart na glulisine. Hizi ni za haraka sana, dakika kama 15 zimeanza, zinakolea ndani ya saa moja au mawili, na baada ya masaa 3 hadi 5 zimeondoka. Unachoma chakula kikiwa mezani. Ni nzuri, ila bei yake huku kwetu siyo ya kila mfuko.

Sasa ile ya maziwa. Inaitwa NPH, boksi mnalolijua zaidi ni Insulatard, na ni ya muda wa kati. Inaanza taratibu baada ya saa moja au mawili, inakolea kuanzia saa la nne mpaka la nane, kwa wengine inavuka hapo, na inaendelea mpaka masaa 12 au 16 hivi. Ule umaziwa siyo uchafu wala siyo dawa kuharibika. Insulini imefungwa pamoja na protini inayoitwa protamine na madini kidogo ya zinki ikawa chembechembe ndogo, chini ya ngozi chembechembe zinayeyuka polepole ndo maana inachukua muda. Na hapa watu wa ziwa mtafurahi, protamine ile ya mwanzo kabisa ilitoka kwenye samaki, kwenye mbegu za samaki dume, kazi ya mtaalamu wa Denmark aitwaye Hagedorn miaka ya 1930, na NPH yenyewe ikatoka mwaka 1946. Ile H ya mwisho ni jina lake. Kwa hiyo mvuvi anayechoma Insulatard anachoma kitu ambacho historia yake ina samaki ndani.

Kwa sababu NPH ina kilele, ukiichoma saa 1 asubuhi vibarua wanakuwa wengi kuliko wakati wowote kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mchana usipokula hapo, wanaufagia ufukwe mpaka mwisho na sukari inashuka. Ukiichoma saa 1 usiku kilele kinakuja saa 5 mpaka saa 9 usiku, umelala, hamna anayekuona. Ndo maana mtu akiamka na shuka limelowa, kichwa kinauma na ameota ndoto za ajabuajabu, kabla ya kuwafikiria wachawi apime sukari usiku wa kuamkia siku inayofuata.

Tatizo la kilele ndo lililoleta zile za muda mrefu, glargine iliyoanza mwaka 2000, detemir, na degludec. Glargine inafanya kazi kama siku nzima na haipandi sana wala kushuka sana, vibarua wachache walewale asubuhi mpaka asubuhi. Inakuwa kwenye kimiminika chenye asidi, ikiingia chini ya ngozi asidi inapoa na yenyewe inaganda kuwa vipunje vidogo sana, halafu vinamong'onyoka mdogomdogo kama chumvi ya mawe kwenye unyevu. Degludec inazidi hata masaa 40. Shirika la Afya Duniani liliziingiza hizi za muda mrefu kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, lakini kuingia kwenye orodha na kufika kwenye rafu ya duka lako la dawa ni safari mbili.

Halafu kuna mchanganyiko, Mixtard 30 na wenzake, na hii ndo wazee wetu wengi wanapewa. Ndani yake asilimia 30 ni ile ya maji ya muda mfupi na asilimia 70 ni NPH, zimeshachanganywa kiwandani, unachoma mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kabla ya kula. Ni rahisi kwa mtu asiyetaka mahesabu. Gharama yake ni kwamba inakulazimisha kula kwa saa, huwezi kusema leo nachelewa msibani nitakula nikirudi, maana ile sehemu ya NPH uliyoichoma asubuhi haijui kama kuna msiba.

Turudi Nansio. Mama mkubwa alizoea NPH, yuniti 18 zinazogawanyika mpaka asubuhi. Usiku ule akachoma 18 za soluble ambazo zote zinakolea kati ya saa 5 na saa 7 usiku, na chakula chenyewe alikula masaa matatu kabla ya sindano. Yaani vibarua wa usiku mzima wamefika kwa pamoja wakati boti iliingia jioni na ikaondoka. Na ndo maana kile kiazi baada ya maji ya sukari kilikuwa cha maana, kwa sababu soluble ilikuwa bado ina masaa mbele yake, sukari ya kwenye kikombe ingeisha na angeshuka tena.

Sasa kuna kanuni watu wanapeana mitaani, kwamba ya maji ni ya haraka na ya maziwa ni ya polepole. Ilikuwa kweli kwa miaka mingi na kwa Actrapid na Insulatard bado ni kweli, ila ukikutana na glargine itakuumiza, kwa sababu glargine na degludec nazo ni maji matupu. Mtu anayechoma glargine 30 usiku akichukua kichupa cha maji kisicho chake kwa kuangalia rangi tu, yaliyompata mama mkubwa ni madogo. Na upande mwingine Mixtard ni ya maziwa lakini ina haraka ndani yake. Makampuni mengi yanaweka rangi kwenye kifuniko na boksi, njano kwa soluble, kijani kwa NPH, kahawia kwa mchanganyiko wa 30 kwa 70, zinasaidia, lakini soma jina. Kama macho yamechoka mpe mtoto wa shule asome herufi moja moja.

Ile ya maziwa kabla ya kuvuta iviringishe katikati ya viganja kama mara kumi mpaka iwe rangi moja. Usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi, inatoa povu na povu linakuibia dozi. Ikibaki na mabonge au vitu vimeganda kwenye kioo, itupe. Ile ya maji ikionekana na ukungu nayo imeharibika. Wanaochanganya soluble na NPH kwenye bomba moja wanavuta ya maji kwanza halafu ya maziwa, ili maziwa yasiingie kwenye kichupa cha maji. Glargine haichanganywi na kitu.

Kuhusu yuniti nako kuna balaa lake. Vichupa vya huku kwetu vingi vina yuniti 100 kwa kila mililita moja, kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1000. Bomba la sindano linatakiwa liwe la 100 vilevile, mara nyingi kifuniko chake ni rangi ya chungwa. Yapo mabomba ya 40, yenye kifuniko chekundu, yaliyotengenezwa kwa insulini nyepesi zaidi ambayo bado iko kwenye baadhi ya nchi. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, kila mstari unakupa mara mbili na nusu. Unadhani umechoma 20, umechoma 50. Hilo nalo halihusiani na ukali wa dawa, ni bomba.

Mahali unapochoma pia panabadilisha saa. Tumboni inaingia haraka kuliko pajani. Ukichoma mkononi halafu ukaenda kupiga kasia, damu inakimbia kwenye msuli na insulini inaingia mapema kuliko ulivyopanga. Na ukichoma palepale kila siku kwa sababu hapaumi, panajenga uvimbe kama mpira chini ya ngozi, kweli hapaumi, lakini insulini inakwama humo, leo inaingia nusu, kesho inaingia yote. Daktari anakuongezea dozi kumbe tatizo ni kibonge.

Kuhifadhi nitaenda haraka. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu inayogandisha, kwa sababu insulini ikishaganda imekufa hata ikiyeyuka. Mzee mmoja wa kambi ya uvuvi alikuwa anaifukia kwenye barafu ya sangara akidhani anaitunza, miezi mitatu sukari haishuki. Kichupa unachokitumia kinaweza kukaa nje sehemu ya ubaridi kama wiki nne. Kwa asiye na friji, chungu cha udongo chenye mchanga wenye maji kimesaidia watu wengi, na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini kwa joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama lilivyo kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, wakatoa majibu mwaka 2021 kwamba kwa wiki nne ilibaki vizuri. Kwa hiyo kukosa friji siyo sababu ya kuacha dawa. Kuiacha kwenye dashibodi ya gari Nyakato saa 8 mchana, hiyo hapana.

Maneno mengine ya mtaani niyapitie. Kwamba ukianza insulini huachi, ni ulevi. Mwili hauna hamu ya insulini kama ya sigara, mwili una upungufu. Wapo wajawazito wenye kisukari cha mimba wanaochoma, na wengi wao wakijifungua wanaacha, na hata mwenye aina ya pili anaweza kuchomwa akiwa na maambukizi makali kisha akarudi kwenye vidonge. Kwamba insulini inapofua na kukata miguu, hili naelewa lilipotoka, watu wanaikimbia miaka kumi wanakunywa majani ya kila aina, wanakubali kuchoma macho na miguu ikiwa imeshaharibiwa na sukari, halafu lawama anabebeshwa aliyekuja mwisho. Kwamba ni ya nguruwe, zamani ilitoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe kweli, ila tangu 1982 ipo inayotengenezwa na bakteria waliopewa maelekezo ya insulini ya binadamu, na siku hizi karibu zote ni za namna hiyo au za hamira. Kwa nini wasitengeneze kidonge? Kwa sababu insulini ni protini kama sato, tumbo linaimeng'enya kabla haijafika popote.

Na lile la nisipokula sichomi. Kwa sindano ya chakula sawa, hamna chakula hamna sindano. Ile ya muda mrefu ni kwa ajili ya boti za ini, na ini halifungi. Mwenye aina ya kwanza akiiacha kwa sababu anaumwa na hana hamu ya kula, ndani ya siku moja au mbili anaweza kuanza kutapika, kuhema haraka, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva sana, na hapo ni hospitali muda huohuo. Akiumwa apige simu kliniki aulize dozi aifanyeje. Na mtu ambaye sukari imeshuka mpaka amepoteza fahamu asinyweshwe kitu, itaenda kwenye mapafu, akimbizwe hospitali.

Mama mkubwa sasa kichupa cha usiku amekifunga uzi mwekundu shingoni, cha akiba kiko kwenye chungu uvunguni mwa kitanda. Wiki iliyopita yule kijana wa jirani alikuja kuomba, kimemuishia. Mama mkubwa akamwambia kaa hapo, akamtuma mjukuu akalete boksi tupu la kijana kwanza. Likaja, la njano. Akamrudisha bila kichupa, akampa nauli ya bodaboda aende kituo cha afya.